Tuchangie Kujenga, Tusichangie Kubomoa

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi wetu,

Waliokuwa kwenye safari yetu ya Greensted bila shaka wanalikumbuka swali la yule mvulana wa darasa la kati. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa dogo la mbao, mashamba ya Essex yametuzunguka, upepo unapiga, watoto wameshaanza kuulizia chakula. Akanivuta mkono akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini hawakulibomoa wakajenga kubwa zaidi?"

Nilimjibu haraka haraka kwamba ni kwa sababu ni la zamani sana. Jibu hilo halikumridhisha, na nilipokuwa kwenye treni ya kurudi Stratford halikuniridhisha mimi pia. Jioni ile ile nilifungua simu nikakuta ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa kijijini kwetu, pwani ya Tanga, walio ughaibuni. Mjomba wangu, ambaye ndiye mweka hazina, alikuwa ametuma mchoro wa msikiti mpya: ghorofa moja, vigae, madirisha ya alumini, mnara. Chini yake aliandika kwamba tukikamilisha mchango kabla ya mwisho wa mwezi, mafundi wataanza "kwa kuondoa jengo lililopo".

Jengo lililopo ni msikiti aliosali babu yangu, na baba yake, na baba wa baba yake. Ndiyo maana naandika makala haya. Najua si kila familia hapa shuleni inatoka pwani, na si kila familia ni ya Waislamu. Lakini karibu sote tuko kwenye kundi fulani la michango, na karibu kila mchango siku hizi ni wa kujenga kitu mahali palipokuwa na kitu kingine.

Nianze na Greensted, kwa ajili ya wale ambao hawakuja. Kanisa lile si kubwa. Kuta zake ni magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati na kusimamishwa wima, moja kando ya jingine. Upande wa mviringo umetazama nje, upande bapa umetazama ndani, na ukipitisha kiganja chako unahisi alama za tezo la fundi. Watu walidhani zamani kwamba lilijengwa mwaka 845. Miaka ya 1990 wataalamu wa kusoma duara za umri ndani ya mbao walirudia hesabu, wakasema miti ile ilikatwa kati ya mwaka 1063 na 1108. Hata kwa hesabu hiyo mpya, bado linatajwa kuwa kanisa la mbao la kale kuliko yote duniani. Na bado watu wanasali humo. Liko katika daraja la kwanza la majengo yanayolindwa Uingereza.

Shikeni hiyo miaka, 1063 mpaka 1108. Sasa twendeni Unguja, kusini kabisa, kijiji cha Kizimkazi Dimbani. Ukifika pale kwa mara ya kwanza unaweza kuupita msikiti wenyewe ukadhani ni banda la kawaida, kwa sababu umeezekwa mabati na kuta zake za nje ni nyeupe tu. Ingia ndani, kwa ruhusa na bila viatu. Kwenye kibla kuna mihrabu ya jiwe la matumbawe, na pembeni yake maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwa namna inayofanana na kazi za Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Maandishi yale yanataja mwaka 500 Hijria, yaani mwaka 1107.

Kwa hiyo wakati mkulima mmoja wa Essex anapasua magogo ya mwaloni, fundi mmoja wa Kizimkazi huenda alikuwa anachonga matumbawe. Watoto, mkiambiwa darasani kwenu katikati ya wiki kwamba Afrika haikuwa na majengo ya kale isipokuwa piramidi, mjue la kusema.

Msikiti wa Kizimkazi ulijengwa upya katika karne ya 18, na waliofanya kazi hiyo waliiacha mihrabu mahali pake. Wangeweza kuing'oa. Hawakuwa na UNESCO wala wizara ya kuwaambia wafanye nini. Walihitaji msikiti unaotumika, wakajenga, na kile kilichokuwa kizuri hawakukigusa. Kila nikifikiria mzozo wa kundi letu narudi kwa watu wale ambao hata majina yao siyajui.

Msinielewe vibaya kuhusu Waingereza. Sisemi kwamba wao wana akili ya kutunza na sisi hatuna. Walibomoa sana. Orodha yao ya kisasa ya majengo yanayolindwa ilianza miaka ya 1940, baada ya mabomu ya vita kuwaonyesha jinsi mtaa mzima unavyoweza kutoweka kwa usiku mmoja. Hata baada ya hapo waliendelea kubomoa mitaa mizuri ili kupisha barabara na maegesho ya magari. Leo orodha ya England ina vitu vipatavyo laki nne. Vingi, zaidi ya tisa katika kila kumi, viko katika daraja la pili, ambalo ndilo la chini. Humo hamna makasri tu. Mna vibanda vyekundu vya simu, makaburi, madaraja, visima, na hata kivuko cha waenda kwa miguu cha Abbey Road, kile cha picha ya Beatles, kilichoingizwa mwaka 2010. Msikiti wa Shah Jahan ulioko Woking, uliojengwa mwaka 1889, ulipandishwa mwaka 2018 kuwa daraja la kwanza, sawa na kanisa la Greensted. Woking ni mwendo mfupi wa treni kutoka Waterloo. Wazazi waliokuwa na wasiwasi kuhusu watoto wa Kiislamu kupelekwa kanisani (na walinipigia simu, nawashukuru kwa kusema nami moja kwa moja) wajue kwamba safari ijayo ni huko.

Kwenye orodha hiyo kuna pia kaburi la kijana mmoja Mwafrika, mtumwa aliyepewa jina la Scipio Africanus, aliyefariki mwaka 1720 na kuzikwa Henbury, ambako sasa ni ndani ya Bristol. Linalindwa kwa daraja la pili la juu. Lilivunjwa mawe yake na wahuni mwaka 2020. Nalitaja kwa sababu orodha hii ina upande wa pili: majumba mengi makubwa ya mashambani tunayolipa kiingilio kuyaona yalijengwa kwa fedha zilizotokana na watumwa. Kutunza jengo si kulisifu. Wakati mwingine tunalitunza ili ushahidi usipotee.

Na sheria ina meno. Hapa hapa London, eneo la Maida Vale, kulikuwa na baa iitwayo Carlton Tavern, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwezi Aprili 2015, likiwa linakaribia kuingizwa kwenye orodha, wenye jengo walilibomoa bila kibali. Halmashauri ya Westminster ikawaamuru walijenge upya kama lilivyokuwa, tofali kwa tofali. Walihangaika, wakakata rufaa, wakashindwa. Likafunguliwa tena mwaka 2021. Mimi si mtu wa baa, lakini hadithi hiyo huwa naisimulia kwa furaha.

Sasa turudi nyumbani, maana watu wengi kwenye kundi letu wanaamini kwamba mambo haya ni ya wazungu na kwamba kwetu hakuna sheria. Ipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na inampa waziri uwezo wa kutangaza majengo mengine pia. Inataja hata milango ya mbao ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Milango! Mara ngapi tumesikia kwamba fulani kauza mlango wa nyumba ya marehemu bibi yake kwa mtu wa hoteli, na sote tukamwona mjanja? Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi. Zanzibar ina mamlaka ya Mji Mkongwe iliyoundwa mwaka 1985.

Lakini kuwa kwenye orodha hakushiki ukuta. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Jumba hilo lilikuwa kwenye kila kadi ya posta. Kama hilo liliweza kuanguka, msikiti wa kijijini ambao haumo kwenye kadi yoyote unahitaji mtu wa karibu wa kuutazama.

Nieleze basi msikiti wetu ulivyo. Ni mdogo. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ilikuwa ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu, chumba chenyewe ni chembamba, kama ilivyo kwenye nyumba zote za zamani za pwani. Kwenye mihrabu kuna mashimo ya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kauri za China. Bakuli zimeshabanduliwa, ila moja imebaki nusu. Nje kuna kisima na birika la kutawadhia, na jiwe la kusugulia nyayo lililolika katikati kwa miguu ya watu. Wazee husema ulikuwepo kabla ya Wajerumani. Ni wa mwaka gani hasa? Hakuna aliyewahi kumleta mtu wa kuupima. Ndilo jambo la kwanza ninalolidai: kabla ya nyundo ya kwanza, aitwe mtu wa Idara ya Mambo ya Kale. Barua moja tu.

Ukuta wa kaskazini una ufa, na ndio hoja kubwa ya mjomba. "Mwanangu, huo utawaangukia watu." Ana haki ya kuogopa. Lakini niliuliza ufa ulianza lini, nikaambiwa ulianza baada ya ukuta kupigwa plasta ya saruji, miaka kumi na kitu iliyopita, kwa mchango wetu sisi wenyewe. Mafundi wa Kilwa na Lamu watakueleza kisa hiki ukiwa bado hujamaliza kuuliza. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka chini, na chokaa huuachia unyevu huo utoke. Saruji huuziba. Maji yakikosa pa kutokea hukaa ndani, chumvi inakula jiwe, plasta inabanduka na vipande vya ukuta. Tulituma pesa ili kuutengeneza msikiti, na pesa zile zikaanza kuubomoa taratibu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Saruji ilionekana ndiyo maendeleo, na chokaa ilionekana umaskini.

Kumbe chokaa ni ufundi. Pale Kilwa Kisiwani, magofu yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya ukarabati wa miaka, na sehemu ya kazi ile ilikuwa kurudisha ufundi huo wa chokaa mikononi mwa watu wanaoishi pale. Kwa hiyo mafundi wapo. Wanajua kuchoma matumbawe kwenye tanuri, kuiozesha chokaa kwa maji, kuipiga taratibu. Ni kazi ya polepole na haina picha nzuri ya kuweka kwenye kundi.

Hapa sharti niseme jambo ambalo litawashangaza wanaonidhania ni mpenda vya kale tu. Mimi nataka msikiti mpya. Nautaka kuliko mjomba. Msikiti wa babu hauna nafasi ya wanawake. Mama yangu alisali nyumbani maisha yake yote, na kwenye Tarawehe alikaa uani kwa jirani akisikiliza sauti tu. Watoto wa madrasa wamejazana barazani, mvua ikinyesha wanarudi kwao. Mtu wa London akisimama na kusema "msijenge, tunzeni kale yetu", huku yeye mwenyewe akioga maji ya moto, anastahili kuambiwa anyamaze. Watu wa kijijini si walinzi wa kumbukumbu zetu. Wana maisha ya kuishi.

Ninalolipinga ni neno lile moja, "kuondoa". Nyuma ya msikiti kuna kiwanja cha minazi michache iliyozeeka. Ni cha warithi wa babu yangu, na mimi ni mmoja wao. Nimeshawaandikia ndugu zangu kwamba fungu langu nalitoa wakfu ili msikiti mpya usimame pale. Wawili wamekubali. Mmoja, aliyeko Muscat, anasema atafikiri, na najua ana sababu zake. Ardhi ya pwani imepanda bei. Nikikosa hilo bado nitauliza kama msikiti mpya hauwezi kuukumbatia ule wa kale, ukabaki kama chumba cha madrasa au mahali pa kusalia wachache siku za kazi. Waliojenga upya Kizimkazi walifanya karibu hivyo.

Wazazi, tuangalie kidogo nguvu tuliyo nayo. Kwa miaka mingi tumezoea kusema kwamba majengo yetu yanaharibiwa na serikali, au na wenye hoteli, au na mvua. Vijijini mara nyingi yanaharibiwa na sisi, kwa nia njema, kwa pauni ishirini ishirini. Anayetuma pesa anaogopwa kidogo, hata asipotaka. Mzee wa kijiji hatamwambia mtu wa Uingereza kwamba mchoro wake haufai. Kwa hiyo ukiulizwa mchango, uliza nawe: jengo lililopo litafanywaje? Nani amelitazama? Fundi atatumia nini kwenye ukuta wa zamani? Mtu akikuona mgumu, mwambie unafanya vile vile kabla ya kumlipa fundi bomba wa hapa.

Na hili haliwahusu watu wa pwani peke yao. Familia zetu za Bukoba, za Machakos, za Goma, zina makanisa ya misheni, shule za kwanza, nyumba ya bibi yenye veranda. Nyumba ya matope na miti nayo ina ufundi wake, na inaondoka haraka zaidi kwa sababu hakuna anayeiita urithi.

Wanafunzi, kazi yenu ni nyepesi na hamna haja ya pesa. Likizo hii, atakayekwenda nyumbani apige picha za jengo moja la zamani: mlango, dari, ukuta kwa karibu, kitu chochote kilichoandikwa. Pima urefu na upana kwa hatua. Halafu kaa na bibi au babu, shikamoo kwanza, umuulize kila sehemu inaitwaje. Tuna maneno ambayo wengi wenu hamjayasikia: daka, boriti, ukumbi, msana. Msiokwenda nyumbani pigeni simu. Mkirudi mwezi Septemba tutayabandika yote ukutani, na yule mvulana wa darasa la kati ndiye atakayesimamia, kwa kuwa swali ni lake.

Jibu lake nimelipata, nadhani, au sehemu yake. Nilikuwa sijalitazama vizuri kanisa la Greensted pale chini. Magogo yale hayafiki ardhini. Yalioza miguuni, na katika ukarabati wa miaka ya 1840 mafundi walikata sehemu iliyooza tu, wakajenga msingi mfupi wa matofali, wakayasimamisha juu yake. Yaliyobaki waliyaacha. Ukisimama nje unauona mstari, matofali chini, mbao za zaidi ya miaka mia tisa juu.

Juzi usiku nilimtumia mjomba picha tatu za mstari huo bila kuandika neno. Alikaa kimya siku nzima, nikadhani nimemuudhi. Asubuhi nikakuta ameuliza, "Hayo matofali waliyaingiza vipi bila ukuta kuanguka?" Nimemwambia nitauliza. Kama kuna mzazi hapa shuleni ambaye ni fundi mwashi au mhandisi, naomba anitafute Jumamosi baada ya vipindi. Mchango unafungwa tarehe 30.